Nungu ni wa ekipe ya usiku

Wandugu wa mine na ba mama wa kambi, leo sitaandika juu ya mushahara. Juu ya mushahara mumenisoma mara mingi, na mutanisoma tena mwezi kesho. Leo ninataka kusema juu ya kupeleka watoto kuona wanyama. Najua wengine watacheka. Kwa kikao cha delege wa sindika walicheka mbele sijamaliza neno, mumoja akaniuliza kama ninatafuta kazi ya kulinda makako. Basi mucheke, kisha musome mpaka mwisho.

Siku ya Mungu ya mwisho ya mwezi wa munane, masomo yalikuwa hayajafunguliwa, nilipeleka watoto wane. Watatu ni wangu. Wa ine ni mutoto wa jirani, miaka kumi, baba yake ni kreza na siku ile alikuwa ndani ya shimo sawa siku zote. Hatukwenda kwa zoo kubwa ya Lubumbashi. Tulikwenda kwa shamba la jamaa moja, upande wa barabara ya Likasi. Unaacha lami, unaingia kwa barabara ya vumbi, na kama hauna franga za manseba unatembea karibu saa nzima. Tulitembea. Mudogo nilimubeba kwa mabega nusu ya njia, na mugongo wangu unakumbuka mpaka leo.

Kule kazi yote ni ya baba, mama, binti wawili, na kijana mumoja wa kufunga na kufungua milango. Tiketi ya kuchapa hakuna. Mama mwenyewe anakaa kwa meza chini ya mwembe, anahesabu vichwa, anaandika ndani ya kaye ya masomo. Mutu mukubwa franga 5 000, mutoto 2 000. Wanyama si wengi: swala wane, mbuni wawili, mamba mumoja ndani ya bwawa la simenti, kobe, kasuku, makako, nungu wawili, na bata ambao watoto waliwapenda kuliko wote juu waliweza kuwagusa.

Simba hakuna. Mudogo aliuliza simba iko wapi, na mwenye shamba akamujibu sawa mutu mukubwa mwenzake: simba anakula nyama mingi kuliko jamaa yangu yote, siwezi. Nilipenda lile jibu. Huku kwetu Simba na Tembo wanajulikana zaidi kwa chupa. Mutoto wa kambi anaweza kukuonyesha picha ya simba na picha ya tembo bila kukosea, maana anazikuta chini ya kiti cha baba kila mwisho wa mwezi.

Sasa musikie ile iliyonishika roho. Swala wanaishi ndani ya kiwanja cha nyasi chenye waya pembeni. Tulipofika pale, mutoto wa jirani aliinama. Nilifikiri anatafuta majani ya kuwapa. Kumbe aliokota jiwe. Akalitia mate, akalipangusa kwa suruali, akaligeuza kwa jua, akaniambia: "Papa, hii ni malakiti, lakini tenere yake iko chini." Miaka kumi! Nikamuuliza: "Na ule nyama pale, jina lake nani?" Akaangalia muda murefu. "Mbuzi ya pori," akasema.

Sikumucheka. Nani angemufundisha? Jiwe analiona kila siku kwa mikono ya baba yake na ya kaka zake. Anajua kobalti nyeusi na shaba ya kijani, anajua bei inapanda ao inashuka. Sheria ya mwaka 2009 ya ulinzi wa mutoto inakataza kumutia mutoto kwa kazi inayoharibu afya yake, na ni vema ikataze. Lakini sheria inamutoa kwa shimo, haisemi aende wapi ile siku ya Mungu baba hayuko na mama yuko soko. Mutoto asiye na mahali pa kwenda anafuata wenzake, na wenzake wanakwenda kuokota mawe.

Kisha tulifika kwa nungu. Walikuwa ndani ya tundu la matofali, giza, wamejikunja, miiba imelala. Hakuna kinachotikisika. Binti wa shamba alieleza kama nungu analala muchana, usiku njo anatoka kutafuta mizizi na mihogo, na wenye mashamba wanamuchukia juu ya hiyo. Mutoto wangu wa pili alitaka kutupa kijiti ili aamuke. Mudogo, yule wa miaka tano, akamushika mukono: "Muache alale. Iko ekipe ya usiku, sawa papa."

Watu walicheka pale. Mimi pia nilicheka. Lakini kwa njia ya kurudi nilianza kuhesabu. Ninaingia saa kumi na mbili ya jioni, ninatoka saa kumi na mbili ya asubui, na bisi inanifikisha nyumbani wakati watoto wanakwenda masomo. Wanaporudi ninalala. Wanapokula bukari ya jioni ninavaa bote. Bibi yangu ameshawafundisha kutembea pole pole, kutopiga kelele, kutofungua dirisha. Kwa mutoto wangu, baba ni kitu kinacholala ndani ya giza na hapana kukigusa. Hakusema vile kwa kunilaumu, alisema kwa heshima. Njo maana iliniuma.

Kitabu cha sheria ya kazi cha mwaka 2002 kinasema masaa 45 kwa juma. Kwa mine, wote tunajua namna masaa yanavyopangwa: kumi na mbili, kumi na mbili, kisha mapumziko, kisha unageuza muchana kuwa usiku. Kwa karatasi hesabu inaweza kutoka sawasawa. Lakini mapumziko yako yakiangukia siku ya pili na ya tatu, watoto wako masomo. Unapumzika na nani? Unakwenda kwa nganda kupumzika na wenzako. Wakubwa wanasema mufanyakazi wa mine anapenda pombe. Wamupangie kwanza siku moja pamoja na watoto wake, kisha tuone.

Wazee wanapenda kusema wakati wa Gécamines kambi ilikuwa na serkle, piscine, timu za mupira, kila kitu. Ni kweli, na mimi nimecheza pale. Lakini sitaki tudanganyane. Kampuni ilikuwa baba wa wote, na baba yule alipougua nyumba yote ilianguka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliondoka kwa ile tuliita « départ volontaire », na serkle ilibaki ukuta. Siombi kampuni ituletee tena furaha kwa sahani. Ninaomba siku.

Kwa ombi letu la mapatano mapya nimeweka vitu viwili tu. Cha kwanza: kila mufanyakazi mwenye watoto apate siku ya Mungu moja kwa mwezi, hakika, iliyoandikwa kwa kalenda tangu mwanzo wa mwaka, na shefu wa ekipe asiweze kuifuta kwa simu usiku wa mbele. Cha pili: bisi moja kati ya zile zinazolala kwa parki siku ya Mungu itoke, na dereva wake na mafuta yake. Kitu kingine hapana. Kiingilio tutajilipia. Nilihesabu: mimi na watoto wane, franga 13 000. Wanaume wenzangu, munajua vema zile franga 13 000 ni chupa ngapi.

Mumoja wa delege alisema: tuko na wandugu wa sutretansi wasio na kontra ya kueleweka, wandugu wenye vumbi ndani ya mapafu, na weye unaleta mambo ya mbuni. Ninamujibu hapa, juu siku ile nilikasirika na sikusema vizuri. Mapafu na kontra viko namba ya kwanza na ya pili, na havitoki pale. Lakini ile siku ya Mungu haichukui pesa ya dawa ya mutu. Ni kalenda tu. Na kampuni ikikataa hata kitu cha bei ndogo namna hii, basi tutajua mapema tunaongea na nani.

Bibi yangu ana neno lingine, na yeye simujibu haraka. Anasema: munatoa watoto kwa giza ya kambi munawapeleka kuona nyama waliofungwa. Ni kweli makako alikuwa na kamba kiunoni, na maji ya mamba hayakuwa safi. Nilimuuliza mwenye shamba. Alisema yule makako alinunuliwa na watu wa muji kando ya barabara akiwa mudogo, alipokomaa akaanza kuuma, wakamuleta ndani ya gunia. Nyumba ya waya anaijenga, bado mabati. Sokwe hapokei, alisema, hata ukimuletea na pesa, juu sheria inakataza kumufuga na iko mahali pake. Ni kweli: Lubumbashi kuna J.A.C.K., iliyoanzishwa mwaka 2006 na bwana na bibi Chantereau, inayolea sokwe wadogo walionyanganywa kwa wauzaji. Ni pale mwaka 2022 watu waliiba sokwe wadogo watatu na wakaomba pesa ili kuwarudisha. Mudogo aliposikia aliuliza kama baba yao alilipa.

Angekuwa na uwezo, mutoto wa kambi angeona swala bila waya. Upemba ni hifadhi tangu 1939, Kundelungu tangu 1970, zote ndani ya Katanga yetu, na pundamilia bado wanaishi Upemba. Lakini sijaona ba mineri wangapi wamefika kule na jamaa zao. Njia ni mbaya na bei ni ya watu wengine. Shamba la barabara ya vumbi njo tunaloweza. Na wale wenye shamba pia hawana siku ya Mungu: mama aliniambia tangu miaka mine hawajalala hata usiku mumoja wote pamoja inje ya pale, maana nyama hawaelewi konje. Tuliongea sana juu ya hiyo, mimi na yeye, sawa wafanyakazi wawili.

Mbele ya kuondoka, mutoto wa jirani alirudi kwa waya wa swala. Alikuwa bado na lile jiwe mufukoni. Akaniuliza tena jina. Nikamwambia: swala. Njia yote alilisema kwa mudogo, naye akalisema kwa kasuku wa kichwa chake, mpaka tukafika kwa lami.

Kikao na wakubwa wa kampuni ni posho kesho, na ombi ni namba 11, ukurasa wa pili. Kwa sasa, bisi ao bila bisi, tutarudi kule siku ya Mungu ya tatu ya mwezi huu. Anayetaka aandikishe watoto wake kwa delege wa ekipe yake, na watoto wa bakreza wanaandikwa vilevile, bila kuuliza baba yao ana kontra ya nani. Kila jamaa ilete maji yake na sombe yake. Mama wa shamba anapika bukari nzuri, lakini chungu chake si cha watu makumi tano.