Khofu na Hadhi ya Chuo
Marehemu Harold Bloom, mwanazuoni wa Yale, alipoandika mwaka 2003 kwamba kumtunuku Stephen King, mtunzi wa hadithi za khofu, nishani ya fasihi ya Marekani ni kuyadunisha maisha ya utamaduni, alipuuza, pamoja na ilimu yake yote, kwamba mtunzi huyo alihitimu Chuo Kikuu cha Maine mwaka 1970, akasomesha Kiingereza kabla ya kuchapisha riwaya yake *Carrie* mwaka 1974. Basi King alipoketi mwaka 2012 kuzungumza hadharani katika Chuo Kikuu cha Massachusetts Lowell, hakuingia kama mgeni. Khofu ni katika maumbile ya binadamu. Na mwenye kuisawiri kwa ufundi, kisha akawaeleza wanafunzi jinsi kazi hiyo itendwavyo, anatimiza ualimu ambao sioni mwanazuoni ataukanusha kwa hoja gani.