Mwacheni Granny, Mshikeni Rubani

Mtoto akianza kuweweseka usiku, akishuka darasani au akiwajibu wazazi kwa kiburi, hapa Nakuru jibu tunalo tayari: ni zile gemu. Na gemu zenyewe tumezipanga kwa madaraja ya dhambi. Za mpira ni utundu. Za magari ni ujana. Lakini za kutisha, zile za mizuka, maiti wanaotembea na nyumba zisizo na taa, hizo tunaambiwa ni mlango wa mapepo na shule ya wauaji. Imani hiyo utaisikia kwenye baraza la chifu Njoro, kwenye mkutano wa wazazi Lanet na kwenye mimbari kuanzia Kaptembwo hadi Milimani.

Naipinga, tena si kwa upole. Ni uongo uliozoeleka, na kibaya zaidi, ni uongo wenye faida kwa watu fulani. Wakati sisi tunakemea pepo kwenye kioo cha simu, kuna gemu nyingine isiyo na damu wala maiti, yenye rangi za kupendeza, ambayo inawamaliza vijana wetu mchana kweupe.

Tuanze na hii inayoogopwa. Chukua Granny, gemu iliyotoka mwaka 2017 na inayoingia hata kwenye simu ya bei nafuu ya mama mboga. Mchezaji anaamka ndani ya nyumba iliyofungwa kwa makufuli, akiwa na siku tano za kutoroka. Ndani yumo bibi kizee mwenye rungu, naye anasikia kila kitu; ukiangusha chombo, umemwita. Basi unanyata, unajificha uvunguni au kabatini, unatafuta ufunguo huku na koleo kule, unakariri ni ubao gani wa sakafu unaolia ukiukanyaga. Watoto watatu wakikusanyika kwenye simu moja, mmoja hucheza, wawili hufunika nyuso na kuchungulia kati ya vidole. Bibi akitokea, wote hupiga mayowe, kisha hucheka mpaka machozi. Aliyekamatwa hupokonywa simu, zamu inahamia kwa mwingine.

Mtu aliyelelewa Bonde la Ufa anapata wapi ujasiri wa kuliita jambo hilo geni? Nyanya wa Kikuyu waliwasimulia wajukuu habari za irimu, zimwi linalojifanya kijana mtanashati kumbe lina mdomo wa pili kisogoni, umefichwa na nywele. Kwa Wakalenjin kulikuwa na chemosit, nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja na mdomo mwekundu unaowaka gizani; A. C. Hollis alishamwandika katika kitabu chake kuhusu Wanandi mwaka 1909. Hadithi hizo zina mlango uliofungwa, zina msichana anayezuia pumzi mafichoni, zina mla watu anayerudi nyumbani na kunusa harufu ya mgeni. Watoto walitetemeka, wakasogeleana motoni, na kesho yake wakaomba wasimuliwe tena. Hakuna mzee aliyemshtaki nyanya kwa kuita mapepo. Ilieleweka kwamba mtoto huonjeshwa hofu akiwa mahali salama, ili siku ya hatari miguu isimlegee.

Tena mji wetu wenyewe umeegemea mlima wa vitisho. Menengai, ambayo Wakikuyu waliiita Kirima kia Ngoma, mlima wa mizimu, ina hadithi za watu walioingia kreta wakapotea njia kwa saa nyingi wasijue wako wapi. Tunawapeleka watoto ukingoni Jumapili, tunawasimulia hayo huku tukiyafurahia, na mapangoni wapo Wakristo wanaofunga na kuomba. Hatuoni neno. Kitisho kikitoka kwa mtunga programu wa Ulaya, ghafla kinakuwa ushetani.

Wapo wanaosema hadithi ni hadithi, lakini gemu humfanya mtoto atende, na anayezoea kutenda ukatili kwenye skrini atautenda mtaani. Dai hilo limepimwa. Mwaka 2019 Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford na Netta Weinstein wa Cardiff walichapisha utafiti uliohusisha vijana wapatao 1,000 wa Uingereza wenye umri wa miaka 14 na 15, wakawauliza na wazazi wao kuhusu tabia zao. Hawakupata uhusiano kati ya kucheza gemu za ukatili na ukali wa vijana hao. Kuhusu hofu yenyewe, watafiti akiwemo Mathias Clasen wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, waligundua kwamba wapenzi wa filamu za kutisha walistahimili msongo wa miezi ya kwanza ya korona vyema kuliko wasiozipenda.

Na kama ni kutafuta wauaji hutoka wapi, Bonde la Ufa si mahali pa kubahatisha. Molo iliwaka moto mwaka 1992. Januari 2008 majirani wa Nakuru na Naivasha waligeukiana kwa mapanga, na tarehe 27 mwezi huo watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja Naivasha. Tume ya Jaji Philip Waki ilipochunguza ghasia hizo za baada ya uchaguzi ilizungumzia siasa, pesa, ardhi na magenge. Walioshika viberiti hawakufundishwa na zimwi la kompyuta. Walichochewa na watu wazima waliojulikana kwa majina.

Tatizo letu ni kwamba jambo likitushinda, tunamtafuta shetani. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti yake ikafika bungeni mwaka 1999. Mei 2017 ikawa zamu ya gemu. Baada ya kijana wa sekondari kujitoa uhai, Bodi ya Kuainisha Filamu, iliyokuwa ikiongozwa na Ezekiel Mutua, ilitangaza kuipiga marufuku gemu iitwayo Blue Whale, yaani nyangumi wa buluu. Wazazi walipekua simu za watoto wakiitafuta. Hawangeipata, kwa sababu haikuwa programu ya kupakua. Jina hilo lilitokana na makundi ya mtandaoni ya Urusi, yaliyoandikwa na gazeti la Novaya Gazeta mwaka 2016, na aliyefungwa huko kwa kuchochea watoto wajidhuru, Philipp Budeikin, alikuwa binadamu mwenye akaunti na maneno matamu.

Angalia basi tulichofanya. Tulipiga marufuku jina. Wakati huo huo kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hivi kwamba mtoto aliyenusurika alikuwa anaogopa polisi kabla ya kumwogopa nyangumi yeyote. Kifungu hicho kiliendelea kutumika hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha katiba. Kwa karibu miaka minane tulikuwa tumeshalaumu gemu na kwenda kulala.

Sasa tuingie kibandani. Kibanda cha PlayStation cha mtaani ni mabati, runinga mbili tatu, benchi, na pad zilizofungwa kwa selotepu. Zimwi ni nadra kulikuta humo. Kinachochezwa asubuhi hadi jioni ni FIFA. Aliyefungwa ndiye hulipia mechi, na nyuma ya wachezaji wamesimama wengine wameweka pesa za pembeni. Chifu akivamia huuliza kwa nini watoto hawako shuleni, na ni haki yake kuuliza. Haulizi ni nani anayeshika zile pesa za pembeni.

Hata hiyo FIFA tunayoiita utundu ina lake. Ndani yake huuzwa pakiti za kadi za wachezaji. Unalipa pesa halisi bila kujua utampata Mbappé au mchezaji wa akiba asiyejulikana. Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba hiyo ni kamari, na EA, kampuni yenye gemu hiyo, ikaacha kuuza pointi za kununulia pakiti hizo nchini humo Januari 2019. Roblox nayo, yenye vikaragosi vya kitoto visivyomtisha yeyote, ilifungiwa Uturuki Agosti 2024 kwa hoja ya kulinda watoto. Kilichotiliwa shaka huko ni maudhui yanayoweza kusababisha watoto kudhulumiwa. Madaraja yetu ya dhambi yamepinduka juu chini.

Na juu ya yote yupo rubani. Aviator, iliyotengenezwa na kampuni ya Spribe ya Georgia mwaka 2019, ni ndege ndogo nyekundu inayopaa kwenye skrini nyeusi. Inavyopanda, namba inapanda nayo: mara moja na nusu, mara mbili, mara tano. Ukitoa pesa kabla ndege haijatoweka, dau lako linazidishwa kwa namba hiyo. Ukichelewa, zimekwenda. Wenyewe hujinadi kwamba katika kila shilingi 100 zinazochezwa, 97 hurudi kwa wachezaji. Inasikika kama ukarimu. Lakini raundi huisha kwa sekunde chache, na mchezaji hurudisha alichopata, tena na tena. Fanya hesabu: shilingi 100 zikizungushwa zote mara 100, kwa wastani hubaki chini ya shilingi 5. Mtu wa bodaboda anayesubiri abiria stendi anaweza kuzimaliza raundi hizo kabla jua halijazama, kisha akachukua mkopo wa Fuliza na kuanza upya.

Uchunguzi wa kampuni ya GeoPoll mwaka 2017 ulipata kwamba asilimia 76 ya vijana wa Kenya waliohojiwa walikuwa wamewahi kucheza kamari. Hiyo ilikuwa kabla ndege haijatua. Nani alikemea? Kampuni za kamari zilivalisha klabu za soka za Gor Mahia na AFC Leopards jezi, zikajaza redio matangazo, na Hazina ya Taifa ikapata ushuru wake. Bibi wa Granny hadhamini timu, halipi tangazo, hachangii harambee. Ndiyo maana ni rahisi kumtimua. Hana wakili wala rafiki bungeni.

Simtetei anayempa mtoto wa miaka sita Outlast au Resident Evil. Gemu hizo zimeandikwa 18 kwenye jalada, na mzazi anayepuuza alama hiyo asimsingizie shetani mwanawe akikosa usingizi. Mtoto anayecheza hadi saa nane za usiku ana tatizo, hata kama anacheza mpira. Hayo ni malezi, na malezi yanahitaji saa ya kulala kuliko yanavyohitaji mafuta ya upako.

Kinachohitaji nguvu ya dola ni kingine. Aprili 2025 Bodi ya Kudhibiti Kamari ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na Agosti mwaka huo Rais Ruto akatia saini sheria mpya ya kamari inayozuia walio chini ya miaka 18 na kuweka dau la chini kuwa shilingi 20. Shilingi 20 ni pesa ya mtoto kununulia mandazi. Sheria hiyo itabaki karatasi iwapo kijana anaweza kubeti kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mamake na hakuna anayeuliza.

Kwa hiyo machifu wetu, mkivamia tena, anzeni na anayekusanya dau. Wachungaji, pepo mwenye namba ya paybill hatoki kwa kukemewa. Msimamisheni mwenye kampuni hadharani kwa jina lake. Nawe mzazi, kabla hujafuta gemu ya mizuka kwenye simu ya mwanao leo jioni, itisha taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu na muisome pamoja, mstari kwa mstari. Kama kuna kitu cha kukutisha humo nyumbani, kimeandikwa pale kwa tarehe na kwa shilingi.