Kazi Bila Karatasi: Mbona Mdosi Wako Anapenda Kila Kitu Kiwe cha Mdomo

Tuambiane ukweli. Kizazi kilichojaa barabarani Juni 2024 mpaka Mswada wa Fedha ukaondolewa, ndicho hicho hicho kinaingia ofisini Jumatatu na kufyata mkia mbele ya supavaiza. Si ati wasee ni waoga. Rent ya keja inangoja, mathee ako ocha anangoja kitu kidogo, na huko nje kuna foleni ya wenye digrii wanaotaka kiti chako.

Lakini cheki vile usimamizi mbovu hufanya kazi kwa ofisi nyingi za Nairobi. Uliambiwa ni majaribio ya miezi mitatu, sasa uko mwezi wa 11. Uliitwa kujibu wateja, leo unaposti Instagram, unafuata wadeni na kununulia wakubwa lunch. Unapigiwa simu saa nne usiku upewe kazi, ikiharibika unafokewa mbele ya watu. Ukiuliza nyongeza, jibu ni "tutaongea". Hakuna hata moja ya hizo imeandikwa popote. Mdomo hauachi alama, na mdosi anajua.

Sasa shika hii. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na anayefaa kuuandaa ni mwajiri, si wewe. Majaribio hayafai kupita miezi sita. Yanaweza kuongezwa hadi sita mingine, lakini ukikubali tu. Una haki ya siku moja ya kupumzika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi, na mshahara juu, kila mwaka. Tamu zaidi ni hii: kesi ikifika kortini na mwajiri akose mkataba, mzigo wa kuthibitisha vile mlikubaliana unamwangukia yeye.

Kuna pia payslip. Siku hizi unakatwa asilimia 1.5 ya nyumba na 2.75 ya SHA, ukiongeza NSSF. Kukatwa ni stori moja, pesa kufika ni stori ingine. Ingia kwa akaunti zako uangalie, usingoje ulazwe hosi ndio ujue hakuna kitu ilitumwa.

Kwa hivyo fanya nini? Usianze na vita. Mdosi akikupigia simu, mtumie meseji baadaye: "Nimeelewa nimalize hii kufikia Ijumaa, sawa?" Omba mkataba kwa imeli, kwa heshima. Weka kopi kwa simu yako, si kwa kompyuta ya ofisi.

Hiyo haitamfanya mdosi awe mtu poa. Anaweza bado kukutafutia makosa. Lakini kupeleka malalamishi yenye msingi si sababu halali ya kukufuta, sheria imesema hivyo. Na kama ushafutwa bila haki, una miezi mitatu kupeleka kesi yako kwa afisa wa leba. Usiimalize ukiwa umekaa kejani ukingoja HR akupigie.