Polimofizimu: neno moja, sura nyingi, na damu zetu

Jamani, leo naomba tuongelee neno ambalo wengi tulilikariri shuleni ili tufaulu mtihani, basi: polimofizimu. Asili yake ni Kigiriki, maana yake sura nyingi.

Muulize mtu wa kompyuta, atakwambia ni amri moja inayotekelezwa tofauti kutegemea kitu kinachoipokea. Ukisema "chora", duara linajichora duara, mraba unajichora mraba. Muulize wa kemia: kitu kilekile, mpangilio tofauti. Almasi ya Mwadui na grafaiti ya Mahenge zote ni kaboni. Wa baiolojia naye atasema ni aina mbili au zaidi za jeni moja zinazodumu pamoja katika jamii.

Wengi wanaishia hapo, eti ni kitu kimoja. Mimi nakataa. Kwenye programu kuna mtu alikaa akapanga. Kwenye jiwe, joto na mgandamizo ndivyo vilivyoamua. Kwenye damu hakuna aliyepanga, ila kuna aliyechuja: malaria.

Sisi wa Mombo tunalielewa hilo. Huku chini mbu ni wa kwetu. Panda gari la Lushoto, ukifika juu kwenye baridi wanapungua. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba mwenye jeni moja ya sikoseli ana kinga dhidi ya malaria. Ndiyo maana jeni hiyo haikupotea ukanda wetu, ingawa anayerithi mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, anaumwa sana.

Sasa kinachoniudhi ni kusikia watu wakisema "ukoo ule una damu mbovu". Mbovu kivipi? Huenda damu hiyohiyo ndiyo iliyowavusha bibi zao utotoni, enzi ambazo hakukuwa na vyandarua vyenye dawa. Aliyebeba jeni moja kwa kawaida si mgonjwa.

Ila kujivunia kinga hakutoshi. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa robo ya kuzaa mtoto mwenye sikoseli. Kwa hiyo wachumba, kapimeni kabla ya kupanga ukumbi na kamati ya harusi. Si kumtafuta mwenye kasoro, bali kujua mapema, ili mtoto akizaliwa apimwe na aanze kliniki kabla maumivu hayajaanza.

Kompyuta ikikosea, programu inaandikwa upya. Mtoto haandikwi upya.