Usizoee breki ya kupampu mara mbili

Ukiazima gari la zamani la ndugu au jirani, mara nyingi unapewa ufunguo pamoja na maelekezo: mlango wa nyuma unafunguliwa kwa nje tu, kioo cha kushoto usikishushe, na breki uipampu mara mbili ndipo inashika. Mawili ya kwanza yanavumilika. Hilo la tatu halivumiliki, hasa kama gari hilo ndilo linalopeleka watoto shule kila asubuhi.

Hesabu yake ni nyepesi. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Ukipoteza nusu sekunde kukanyaga mara ya pili, umeshasogea mita saba kabla breki haijashika. Mtoto anayechomoka nyuma ya daladala iliyosimama hayuko mbali kiasi hicho.

Mimi naandika habari za afya, na breki inayoshuka chini naiona kama homa. Homa ni dalili, na ukimeza dawa ya kutuliza bila kupima, ugonjwa unabaki. Kwenye gari ni hivyo hivyo. Breki ikishuka, mmoja anasema ongeza mafuta ya breki, mwingine anasema badilisha pedi za mbele. Hela inatoka, pedali inaendelea kushuka.

Kipimo cha kwanza ni mguu wako. Simamisha gari mahali tambarare, weka jiwe kwenye gurudumu, washa injini, kisha kanyaga breki.

Kama pedali inakwenda chini, lakini ukipampu haraka mara mbili inapanda na kuwa ngumu, kwa gari lenye dramu nyuma mshukiwa wa kwanza ni breki shuu za nyuma zilizokaa mbali na dramu. Kama pedali ni laini, unahisi unakanyaga sponji, yaelekea kuna upepo kwenye mfumo. Na kama ukiishikilia kwa nusu dakika inazama taratibu, kuna mpira uliokufa ndani ya masta silinda au mafuta yanavuja mahali. Gari la namna hiyo lisitoke. Mwite fundi aje nyumbani, au livutwe hadi gereji. Hali hizi zinaweza pia kuja mbili kwa pamoja, kwa hiyo mweleze fundi ulichokihisi badala ya kumwambia tu "breki mbovu."

Hiyo ya kwanza ndiyo inayosumbua magari mengi ya familia, zikiwamo Starlet na Corolla za zamani zenye dramu nyuma. Breki za diski za mbele hujisogeza zenyewe kadiri pedi zinavyoisha, kwa hiyo pedi mpya pekee hazitapandisha pedali. Shuu za nyuma hutegemea kifaa kidogo chenye meno kinachozisogeza karibu na dramu kadiri zinavyolika. Kifaa hicho kikiganda kwa kutu na vumbi, shuu zinabaki mbali, na mguu wako unalazimika kusukuma mafuta mengi zaidi kuzifikia.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Katika baadhi ya magari, kifaa hicho hufanya kazi pale unapovuta hendibreki. Mwenye gari la gia otomatiki anapaki kwenye P, anashuka, hagusi hendibreki mwaka mzima. Ivute kila unapopaki, hata kwenye tambarare.

Gereji, omba kazi ifanyike kwa mpangilio. Dramu zote mbili za nyuma zifunguliwe. Fundi aangalie unene wa shuu na kama silinda ndogo za ndani zinavuja, alainishe kile kifaa chenye meno, kisha asogeze shuu mpaka dramu ikizungushwa kwa mkono iguse kidogo tu, pande zote mbili sawa. Waya wa hendibreki ukazwe mwisho. Fundi anayekaza waya kwanza anakupa hendibreki inayoshika juu huku shuu zikiwa bado mbali. Baada ya hapo ndipo upepo utolewe, kama bado upo.

Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewani. Yakizeeka huchemka mapema, na kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga huo mvuke unaweza kukuacha na pedali iliyolala sakafuni. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili hivi ni utaratibu mzuri. Tumia aina iliyoandikwa kwenye mfuniko wa kikopo, na usikubali kuwekewa oili ya injini hata kidogo, maana huvimbisha mipira ya breki. Mafuta yakipungua, usiongeze tu: aidha pedi zimelika, au kuna panapovuja.

Sasa upande wangu wa afya. Vumbi la ndani ya dramu lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto, ambayo husababisha saratani. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na watoto wakae mbali.

Mafuta ya breki yaliyobaki yasihifadhiwe kwenye chupa ya maji au soda. Ni sumu, na mtoto mwenye kiu hasomi lebo. Yakimezwa, usimtapishe, mpeleke hospitali haraka ukiwa na chupa yenyewe.

Gari likirudi, lijaribu kwanza peke yako kwenye uwanja mtupu, kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Pedali inapaswa kushika kwa mkanyago mmoja, juu, na kubaki pale pale ukiishikilia. Ikihitaji mkanyago wa pili, lirudishe gereji siku hiyo hiyo, na kesho yake watoto wapande daladala.