Si Jirani, ni Bibi Yangu



Mwezi uliopita, baada ya ibada, alitujia kijana wa kidato cha pili hapa Segerea, kichwa kakiinamisha. Bibi yake, ndiye aliyemlea, huuza mitishamba: mwarobaini, mlonge na mizizi ya kuchemsha. Shuleni wenzake wamempa jina la "Mchawi", hata kukaa naye dawati moja hawataki. Siku ya kikao cha wazazi bibi alifika na kikapu chake mkononi. Mwalimu alipouliza ni nani wake, kijana akajibu, "Ni jirani." Bibi alisikia, asiseme neno. Jioni akampa nauli ya daladala ya kesho yake kama kawaida.

"Nauli ile ndiyo inayoniuma," alituambia.

Tulimweleza kwanza kwamba uchawi ni neno zito. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inamhesabu kuwa mkosaji anayemtangaza mwenzake mtaani kuwa ni mchawi. Huko Usukumani neno hilo limewaua vikongwe wengi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu. Sisi wauguzi tunajua kwamba moshi wa jikoni wa miaka mingi huyafanya macho kuwa mekundu.

Pili, mitishamba si uchawi. Dawa mseto ya malaria tunayotoa zahanati ina kiini kilichopatikana katika mmea uliotumika China tangu zamani. Mama Tu Youyou, aliyekigundua, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hapa kwetu sheria ya mwaka 2002 inawatambua waganga wa tiba asili, mradi wasajiliwe. Wapiga ramli wanaogombanisha ndugu hatuwatetei hata kidogo. Na mtoto mwenye homa apelekwe zahanati kwanza, hata kama bibi anajua mizizi yote.

Tulimshauri amwombe bibi radhi, kisha aende naye kwa mwalimu amtambulishe upya. Alikwenda Jumatatu. Wenzake walicheka, hatuwafichi. Lakini walirudi nyumbani pamoja, na kikapu alikibeba yeye.

Akina mama, watoto wale hawakulibuni jina lile. Walilisikia kwetu, tulipokuwa barazani tukimsema jirani huku tukidhani wamelala. Tuanze kulinyamazia sisi.