Ving'ora pekee havitawazuia wavunjaji wa vioo vya magari

MKAZI yeyote wa mtaa wenye magari mengi jijini Nairobi anaijua sauti hiyo. Ni saa nane za usiku. Mvua imeanza kunyesha, au paka ameruka kutoka ukutani na kutua juu ya boneti, na gari la jirani linaanza kulia. Linalia dakika nzima, linanyamaza, kisha linaanza upya. Hakuna anayefungua dirisha wala kuwasha taa. Anayeamka husonya, akajifunika blanketi hadi kichwani na kumlaani mwenye gari.

Usiku mwingine kinachoamsha gari si paka. Asubuhi mwenyewe anakuta vipande vya kioo vimetapakaa kitini mithili ya chumvi ya mawe, mkoba uliokuwa na tarakilishi umetoweka, na majirani wanakiri bila haya kwamba walisikia. Walisikia, ila walidhani ni yale ya kila siku.

Tumetumia fedha nyingi kununua ving'ora kwa imani kwamba kelele humtisha mwizi. Kelele haimtishi mtu. Kinachomtisha ni watu anaotarajia watakuja baada ya kelele, na mwizi wa mjini amekwisha kupiga hesabu zake akajua kwamba hawaji. Kamsa ya kijijini ilikuwa na nguvu si kwa sababu ya mapafu ya aliyeipiga, bali kwa sababu kila aliyeisikia alilazimika kutoka. Asiyetoka aliulizwa asubuhi alikuwa wapi, na jibu lake lilipimwa. King'ora cha gari kimeichukua sauti ya kamsa na kuuacha wajibu wake.

Yafaa pia kueleza jinsi kifaa chenyewe kinavyofanya kazi, maana wengi wa wanaokinunua hawajui kinasubiri nini. Ving'ora vingi vya kawaida huunganishwa na swichi za milango, boneti na buti. Mlango ukifunguliwa kabla ya kifaa kuzimwa, gari hulia. Lakini mvunjaji wa kioo hana haja ya kufungua mlango. Huvunja kidirisha, akapenyeza mkono, akachukua kilicho kitini na kuondoka. Kwa mujibu wa swichi hizo, hakuna lililotokea.

Ndiyo maana mafundi huongeza kihisi cha mtikisiko. Hapo huzuka shida nyingine. Kikiwekwa kiwe chepesi, lori likipita barabarani au ngurumo ikipiga, mtaa mzima huamka. Kikiwekwa kiwe kizito, kioo kinaweza kuvunjwa kwa ustadi na gari likabaki kimya. Wenye magari wengi, baada ya kulalamikiwa na majirani wiki mbili tatu, humrudia fundi na kumwomba akipunguze makali. Wengine huacha kabisa kukiwasha, wakabakia na taa nyekundu inayomwekamweka kwenye dashibodi kama pambo.

Kioo chenyewe kimeundwa kwa namna inayomrahisishia mhalifu kazi. Kioo cha mbele ni tabaka mbili zilizogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati, hivyo kikipasuka huchorekachoreka bila kuanguka. Vioo vya milango ya magari mengi ni tofauti: hupashwa moto na kupozwa ghafla kiwandani ili vikivunjika visambaratike kuwa punje ndogo zisizomkata abiria wakati wa ajali. Ni uamuzi wa busara kwa usalama wa abiria. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba pigo moja dogo la kitu kigumu hukimaliza kioo kizima, na kazi yote huchukua sekunde chache. Hata kama mlinzi angekuwa mwanariadha wa Iten, angefika akute mtu ameshapotelea vichochoroni.

Na tumwonee huruma huyo mlinzi. Ni mtu mmoja, pengine na rungu na filimbi, aliyekabidhiwa lango la kufungua na kufunga, kitabu cha kuandikisha wageni, na magari makumi kadhaa ambayo hayaoni yote kutoka alipokaa. Tumempa wajibu uliokuwa wa kijiji kizima, kisha tukaweka kibao ukutani kinachosema kwamba magari yanaegeshwa hapa kwa hasara ya mwenyewe.

Mashaka kuhusu ving'ora si mageni wala si ya Kenya pekee. Mwaka 1997 Highway Loss Data Institute, taasisi ya Marekani inayochunguza madai ya bima ya magari, iliripoti kwamba magari yenye ving'ora hayakuonyesha upungufu wa jumla wa hasara zitokanazo na wizi. Jijini New York kero ya kelele ilifikia hatua ya sheria kuagiza kwamba king'ora cha gari sharti kijizime baada ya dakika tatu. Sheria hiyo ililenga kuwalinda wanaotaka kulala.

Kuna kifaa kingine ambacho mara nyingi huchanganywa na king'ora, nacho kimefanikiwa kweli. Ni kile kinachozuia injini kuwaka bila ufunguo wenye chembe maalumu ya elektroniki. Nchi za Umoja wa Ulaya zililazimisha magari mapya kuwa nacho kuanzia mwaka 1998. Watafiti wawili wa Uholanzi, Jan van Ours na Ben Vollaard, walikadiria kwamba kifaa hicho kilipunguza wizi wa magari nchini mwao kwa takriban asilimia 40. Tofauti yake na king'ora ni kwamba hakimwombi mtu yeyote msaada. Hakihitaji jirani aamke wala polisi afike. Injini haiwaki, basi.

Lakini kifaa hicho hulinda gari, hakilindi kilichomo ndani. Asiyeweza kuondoka na gari zima anaweza kuondoka na redio, kioo cha pembeni, taa, betri, gurudumu la akiba, au kile kisanduku cha kompyuta kinachoiongoza injini, ambacho bei yake humfanya mwenye gari akae chini kwanza kabla ya kuijibu.

Katika maegesho ya maduka makubwa umezuka ujanja ambao hauhitaji hata kuvunja. Dereva hushuka, huku akienda akabonyeza rimoti bila kugeuka nyuma. Karibu naye yupo mtu mwenye kifaa kinachovuruga mawimbi ya redio, na amri ya kufunga haifiki garini. Milango hubaki wazi, na king'ora ambacho hakikuwashwa hakilii. Mwenye gari akirudi hukuta kila kitu shwari isipokuwa mkoba haupo. Tena, kwa kuwa hakuna kioo kilichovunjika, hata kampuni yake ya bima huenda ikamtazama kwa jicho la shaka. Dawa ya ujanja huu haina gharama: kusubiri uone taa zikimweka na usikie kufuli zikijifunga, kisha uvute mlango kwa mkono wako.

Kuhusu bima, wengi hawana pa kukimbilia. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, humlazimisha mwenye gari kuwakinga watu wengine dhidi ya madhara ya gari lake tu. Aliyelipia bima hiyo ya lazima pekee hafidiwi hata punje moja ya kioo. Aliyelipia bima kamili kwa kawaida huwa amewekewa kikomo cha fidia ya kioo, na mali iliyokuwa ndani ya gari mara nyingi haimo katika mkataba. Tarakilishi yenye tasnifu ya miaka mitatu, hati ya shamba iliyokuwa ikipelekwa kwa wakili, vyeti vya mtoto aliyekuwa akienda kusajiliwa chuoni; hivyo havina fidia yoyote.

Kinga iliyo bora kuliko zote, kwa hivyo, ni gari tupu linaloonekana kuwa tupu. Si kuficha mkoba chini ya kiti au kuufunika kwa koti, kwani koti lililotandazwa kitini ni tangazo. Mwenye mzigo aufungie kwenye buti kabla ya kuanza safari, wala si anapofika pale wavizia maegesho wanapomtazama akifanya hivyo. Alama ya duara iliyoachwa kwenye kioo cha mbele na kishikio cha simu ifutwe pia, maana humweleza mpita njia kwamba huenda simu ipo ndani ya kijaluba cha dashibodi. Utando wa plastiki usio na rangi ukibandikwa ndani ya vioo vya milango huzishika punje pamoja, na mvunjaji hulazimika kupiga mara kadhaa. Hauzuii kabisa, ila humnyang'anya zile sekunde anazozitegemea. Na katika msongamano wa jioni, tuseme kwenye mzunguko wa Globe au barabara ya Landhies, kioo kiwe kimepandishwa hata kama joto limezidi, kwani simu iliyo sikioni mwa dereva haihitaji kuvunjiwa chochote.

Hayo yote, hata hivyo, ni ya mtu mmoja mmoja. Yanamhamisha mwizi kutoka gari langu hadi lako.

Mji wa San Francisco nchini Marekani ulijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwaka 2017 polisi wake walipokea ripoti zaidi ya 31,000 za kuvunjwa kwa magari, na wakazi walifikia hatua ya kubandika karatasi viooni kuwaarifu wezi kwamba hakuna kitu ndani. Mnamo Agosti 2023 polisi wakaanza kutega magari ya chambo ili kuyanasa magenge. Mwaka 2024 visa vilipungua kwa takriban nusu. Mwaka huo huo jimbo la California lilipitisha sheria iliyoondoa hoja iliyowaokoa washtakiwa wengi mahakamani, kwamba upande wa mashtaka haukuthibitisha kuwa mlango ulikuwa umefungwa. Polisi hao hawakuwa wakisubiri king'ora kilie. Waliwaendea watu wachache waliokuwa wakivunja magari mengi.

Kwetu hatua ya namna hiyo ingeanzia kwa mnunuzi. Kila mwenye gari Nairobi anajua pa kwenda asubuhi baada ya kuibiwa kioo cha pembeni. Huenda Kirinyaga Road, ambayo bado twaiita Grogan kwa jina la mlowezi Ewart Grogan, ijapokuwa jina la barabara lilibadilishwa zamani. Si haki kuwatuhumu wafanyabiashara wote wa hapo. Wengi huagiza vipuri vyao kihalali kutoka Japani na Dubai, na bila wao magari ya nchi hii yangesimama. Lakini masihara ya kale kwamba mtu anaweza kuuziwa kioo chake mwenyewe kabla hakijapoa hayakutoka hewani. Wenye magari wameyaamini kiasi cha kuchora nambari za usajili kwenye vioo na taa zao, na wengine kuzikaza taa kwa vyuma. Mchoro huo una faida kuliko king'ora, kwa sababu unaendelea kusema hata baada ya kioo kubanduliwa.

Shida ni kwamba hakuna anayeusoma. Mteja huona nambari ya gari lingine kwenye kona ya kioo, akanyamaza, akaomba apunguziwe bei. Huyo ni mwalimu, ni karani wa benki, ni mwandishi wa habari. Ni mtu ambaye juma lililopita alikuwa akiwalaani wezi.

Sheria haimwangalii kwa upole. Kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinaweka kifungo cha hadi miaka 3 kwa wizi wa kawaida. Kifungu cha 322 kinamwekea anayepokea mali ya wizi, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, kifungo cha hadi miaka 14. Waliotunga sheria walielewa mapema ni nani anayeufanya wizi kuwa kazi. Utekelezaji ndio uliogeuza mambo juu chini, kwani tunaowasikia wakikamatwa ni vijana wa barabarani.

Tena wale wanaokamatwa na polisi ndio wenye bahati. Siku adimu ambayo umma huitika kelele za mwizi, mara nyingi huitika kwa mawe na tairi la gari. Jiji hili limewahi kuwaona vijana wakiuawa hadharani kwa ajili ya kioo au simu, huku aliyekuwa akisubiri kuinunua akifungua duka lake kama kawaida. Anayetaka majirani waitike tena hana budi kusema wazi ni mwitiko wa namna gani anaoutaka. Mpango wa Nyumba Kumi ulioanzishwa mwaka 2013 ulikusudia majirani wajuane na kuwasiliana na polisi, na palipo na kikundi cha simu kinachofanya kazi, ujumbe mmoja wenye nambari ya gari linalolia humwamsha mwenyewe na kumpeleka mlinzi mahali penyewe haraka kuliko dakika kumi za ukelele.

Kamera nazo zina nafasi yake. Mfumo wa usalama ambao serikali iliingia mkataba nao na Safaricom mwaka 2014 ulikuwa wa kamera 1,800 za Nairobi na Mombasa. Kamera hizo hutazama barabara na makutano. Hazikuwekwa kuchungulia kila gari lililoegeshwa nyuma ya jengo.

Ukaguzi wa vipuri kuukuu, kwa upande mwingine, hauhitaji mtambo wowote. Askari wawili wenye daftari wanaweza kupita dukani, wakasoma nambari iliyochorwa kwenye kioo na kumuuliza mwenye duka stakabadhi ya aliyemuuzia. Kioo ambacho nambari yake imekwanguliwa kiondolewe rafuni siku hiyo hiyo, na mwenye duka aeleze alikipata wapi kabla kijana aliyekibandua hajaanza kutafutwa.